Kwa nini jua la Mirihi huzama katika buluu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeona picha ya machweo ya Mirihi: ardhi nyeusi, anga la rangi ya vumbi, na jua dogo jeupe lililozungukwa na mwanga wa buluu. Kaka yangu anashikilia kwamba picha imechezewa kwenye kompyuta, kwa sababu Mirihi ni sayari nyekundu na jua likizama popote lazima liwe jekundu. Mimi ninasoma fizikia, na nimechanganyikiwa kuliko yeye. Nimefundishwa kwamba buluu ndiyo hutawanyika kwa urahisi, ndiyo maana jua letu la jioni hubaki jekundu. Imekuwaje sheria hiyohiyo itoe matokeo ya kinyume kule? Na kama ningesimama pale mwenyewe, ningeiona hiyo buluu, au ni mambo ya kamera tu?

Jibu: Marahaba, na asante kwa swali lililobeba maswali matatu. Nianze na la kaka yako, kwa kuwa ndilo jepesi: picha ni ya kweli. Buluu hiyo imenaswa na kamera mbalimbali, zilizobuniwa na watu mbalimbali, katika sehemu za Mirihi zilizo mbali na nyingine, tangu chombo Viking 1 kilipotua kwenye uwanda wa Chryse Planitia mwaka 1976. Mars Pathfinder ilipiga picha za machweo mwaka 1997. Tarehe 19 Mei 2005 roboti Spirit, ikiwa ndani ya kreta ya Gusev, ililipiga picha jua likitelemka nyuma ya ukuta wa kreta hiyo, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka pale iliposimama. Kisha Curiosity, tarehe 15 Aprili 2015, ikiwa katika kreta ya Gale, ikapiga picha nne ndani ya dakika 6 na sekunde 51, jua likishuka hatua kwa hatua. Nadhani uliyoiona ni mojawapo ya hizo, maana zimesambaa sana. InSight ilirudia mwaka 2019, na Perseverance Novemba 2021. Hitilafu ya kamera moja haiwezi kurithiwa na zote hizo.

Hata hivyo usimbeze kaka yako, maana shaka yake ina historia. Picha ya kwanza ya rangi kutoka Viking 1, Julai 1976, ilitolewa kwa umma ikiwa na anga la mchana la buluu, kama la Duniani. Rangi zilikuwa zimesawazishwa kwa haraka. Zilipopimwa upya kwa kutumia vibao vya rangi vilivyobandikwa kwenye chombo chenyewe, anga likageuka: lilikuwa na rangi ya vumbi, kati ya waridi na kahawia. Roboti zilizofuata nazo zimebeba vibao vyenye rangi zinazojulikana, ili kila picha ipate cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo buluu ya mchana ilikuwa kosa, na kosa likasahihishwa. Buluu ya machweo imepita katika masahihisho hayohayo na imebaki. Zaidi ya hapo, kamera iliyopiga zile picha za mwaka 2015 huona rangi karibu sawa na jicho la binadamu, ila usikivu wake kwa buluu ni pungufu kidogo ya wetu. Ikiwa picha imedanganya, basi imedanganya kwa kuipunguza buluu.

Sasa nije kwako, maana swali lako ndilo lenye mzizi. Ulichofundishwa ni sahihi, ila kimekufikia kikiwa kimekatwa mkia. Sheria kamili inasema hivi: buluu hutawanyika zaidi pale mwanga unapokutana na vitu vidogo mno kuliko urefu wa wimbi lake. Lile sharti la mwisho ndilo linaloachwa darasani, kwa sababu hewa ya Dunia hulitimiza kila siku na hakuna anayelazimika kulikumbuka. Mirihi hailitimizi.

Tuangalie vipimo. Wimbi la mwanga wa buluu lina urefu wa nanomita 450 hivi, na la mwanga mwekundu nanomita 650 hivi. Molekuli ya naitrojeni au oksijeni haifiki hata nusu nanomita. Mbele ya wimbi la mwanga, molekuli ni kama punje ya mchanga mbele ya wimbi la bahari: hailizuii wala hailigeuzi njia. Inatikisika tu, na katika kutikisika kwake hurusha sehemu ndogo ya nguvu ya mwanga huku na huku. John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Rayleigh, alionyesha mwaka 1871 kwamba katika hali hiyo mtawanyiko hupanda kwa kasi kubwa kadiri wimbi linavyokuwa fupi. Ukiugawa urefu wa wimbi kwa mbili, mtawanyiko huongezeka mara 16. Kati ya buluu na nyekundu tofauti ni zaidi ya mara nne. Ndiyo sababu mchana buluu inatujia kutoka kila pembe ya anga. Jioni, mwanga wa jua hupita katika hewa nyingi mara 38 hivi kuliko jua linapokuwa utosini. Buluu inakuwa imemwagika yote njiani, na kinachotufikia ni masazo, yaani rangi ya chungwa na nyekundu.

Sasa iondoe hiyo hewa. Kanieneo ya hewa ya Mirihi ni chini ya asilimia 1 ya yetu, na takriban asilimia 95 ya hewa yenyewe ni kaboni dioksaidi. Molekuli ni chache kiasi kwamba, kama kusingekuwa na kitu kingine chochote, anga la mchana la Mirihi lingekuwa la buluu nzito iliyokaribia weusi. Mtu angetazama juu na kuona giza lenye jua ndani yake.

Kitu kingine kipo, nacho ni vumbi. Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Sisi tukitamka neno anga tunafikiria hewa, na vumbi tunaliona kuwa uchafu uliomo ndani ya hewa hiyo. Kwa Mirihi fikra hiyo lazima igeuzwe. Kule hewa ni mbebaji tu, na karibu kila rangi unayoiona juu ya kichwa imetoka kwenye vumbi. Upepo huliinua, chamchela huliinua pia, zile tufani ndogo zinazozunguka na kusimama kama nguzo, na kwa kuwa ni laini mno huchukua muda mrefu sana kurudi chini. Hata siku iliyo shwari kabisa, bila dhoruba popote karibu, anga la Mirihi halikosi vumbi.

Na vumbi lenyewe ni la ukubwa gani? Chembe ya kawaida inayoelea ina kipenyo cha mikromita 3 hivi. Unywele wa binadamu, wenye unene wa mikromita 70 hivi, unaishinda zaidi ya mara 20, kwa hiyo kwetu ni unga usioshikika. Lakini mwanga haujipimi kwa unywele. Ukiiweka chembe hiyo kando ya wimbi la buluu, ni kubwa karibu mara saba. Ile punje ya mchanga mbele ya wimbi la bahari imekuwa jabali, na jabali lina tabia zake.

Tabia ya kwanza inahusu mwanga unaoingia ndani ya chembe. Vumbi la Mirihi lina oksidi za chuma, yaani kutu, na kutu hupenda kufyonza buluu. Mwanga ulioingia mweupe hutoka ukiwa umepoteza buluu yake, kisha husambaa kwa mapana, kila upande. Huo ndio mwanga unaolijaza anga la Mirihi mchana, na ndiyo maana anga hilo lina rangi ya manjano iliyoelekea kahawia. Hapa kaka yako yuko sahihi kabisa: sayari nyekundu, anga la rangi ya vumbi lake.

Tabia ya pili inahusu mwanga ambao hauingii, unaopita ukingoni mwa chembe. Mwanga huo hujipinda kidogo na kuendelea mbele. Wanafizikia huita difraksheni, na mtu yeyote aliyewahi kuangalia mawimbi ya maji yakilizunguka jabali na kuingia upande wa nyuma amekwisha kuiona. Kujipinda huko kuna kipimo: kadiri wimbi linavyokuwa refu likilinganishwa na jabali, ndivyo linavyojipinda zaidi. Nyekundu, yenye wimbi refu, husambaa katika pia pana, yaani umbo la koni. Buluu, yenye wimbi fupi, hubaki katika pia nyembamba, karibu kabisa na njia ya asili ya mwanga. Gawanya urefu wa wimbi kwa kipenyo cha chembe upate pembe ya takriban: kwa buluu ni nyuzi 9 hivi, kwa nyekundu ni nyuzi 12 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la duara huenda kwa mraba wa upana wake. Duara la buluu ni karibu nusu ya duara la nyekundu. Mwanga wa kiasi kilekile ukimiminwa katika nusu ya eneo, hung'aa mara mbili.

Zisome tabia hizo mbili kwa pamoja. Ukilitazama anga mbali na jua, unapokea mwanga uliopita ndani ya chembe na kuchujwa na kutu: manjano na kahawia. Ukitazama upande jua liliko, unapokea mwanga uliopita ukingoni, ambao kutu haikuupata, na katika mwanga huo buluu ndiyo iliyobanana karibu na jua. Duara la buluu ulilolishangaa ni hilo. Ni vumbi lilelile linalofanya anga kuwa kahawia, likitazamwa kwa pembe nyingine. Mwaka 2014 Kurt Ehlers na wenzake walilionyesha jambo hili kwa hesabu, kwamba kinachotawala katika buluu ya machweo ya Mirihi ni difraksheni ya vumbi na wala si mtawanyiko wa Rayleigh. Zana za hesabu hiyo ni za zamani zaidi. Mjerumani Gustav Mie alikwisha kuandika mwaka 1908 kanuni kamili za mwanga unaokutana na tufe la ukubwa wowote, na zile za Rayleigh ni kona moja tu ndani yake.

Huhitaji kwenda Mirihi kuiona tabia hii ya pili. Tafuta usiku wenye wingu jembamba mbele ya Mwezi, au itazame taa kupitia kioo kilichoshika mvuke. Utaona duara la mwanga kuizunguka taa. Likague vizuri: ndani, karibu na taa, ni jeupe lenye kuelekea buluu, ukingo wake wa nje ni mwekundu wa kahawia. Matone ya maji yamefanya kile ambacho vumbi la Mirihi hufanya, nyekundu ikaenda mbali na buluu ikabaki karibu. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu wakalitazame duara hilo kwa macho yao kabla sijaandika kanuni yoyote ubaoni, na sijaona njia bora ya kuufundisha mwanga.

Hapo utaniuliza: kama hali ni hiyo, kwa nini buluu haionekani adhuhuri? Ipo. Jua la mchana la Mirihi nalo lina duara lake, ila mwanga umepita katika vumbi dogo tu kwa kushuka wima, na ukali wa jua unafunika kilichopo. Jua likifika upeo wa macho, njia ya mwanga katika vumbi hurefuka zaidi ya mara 20. Kisahani cha jua hupoteza ukali, kazi ya difraksheni hujilimbikiza, na duara hujitokeza. Kisahani chenyewe hakigeuki chekundu kama chetu. Kwa chembe za ukubwa huu, mwanga wa buluu hupenya moja kwa moja kwa urahisi kidogo kuliko mwekundu, kwa hiyo jua huzama likiwa jeupe lililopoa, lenye dalili ya buluu. Siku za vumbi jingi haligusi hata upeo, hufifia na kupotelea hewani likiwa bado juu.

Nikiwa hapo, niseme kidogo kuhusu lugha yetu. Rangi tunayoiita samawati imepata jina kutoka mbinguni: ni rangi ya mbingu. Kwa Mirihi neno hilo lingekuwa kosa tangu asubuhi hadi alasiri. Lingekuwa kweli mara mbili kwa siku tu, jua likichomoza na likichwa, na katika kipande kimoja cha anga.

Kama bado una wasiwasi kwamba haya ni maelezo yaliyotungwa kuitetea picha, historia ya Dunia yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1883, baada ya volkano ya Krakatau kulipuka huko Indonesia, watu wa nchi mbalimbali waliripoti kuliona jua la kijani na la buluu. Septemba 1950 moto mkubwa wa misitu ulichoma maeneo ya magharibi mwa Kanada, moshi wake ukavuka bahari ya Atlantiki, na tarehe 26 ya mwezi huo jua na Mwezi vilionekana vya buluu katika anga la Uingereza. Kule Edinburgh, Robert Wilson aliuchambua mwanga huo kwa vifaa vya darubini na kukuta kwamba kweli nyekundu ilikuwa imezuiwa zaidi ya buluu, kinyume cha kawaida yetu. Siri ilikuwa ukubwa wa matone ya moshi: karibu mikromita moja, na yote yakikaribia kulingana. Moshi wa kawaida huwa na chembe za kila ukubwa, na kila ukubwa huvuta rangi upande wake mpaka zinafutana. Ndiyo maana jua la buluu ni nadra hapa kwetu. Mirihi ina vumbi ambalo ukubwa wake wa kawaida umeangukia pazuri, na halikomi kuelea, kwa hiyo kilicho muujiza wa mara chache Duniani ni jambo la kila jioni kule.

Kutokana na hayo utaona kwa nini watafiti hupoteza muda wa roboti ghali kulipiga picha jua la jioni. Uzuri wake peke yake usingetosha kuwashawishi. Rangi ya duara, upana wake na namna linavyofifia ni kipimo cha ukubwa wa chembe na cha jinsi vumbi lilivyojipanga kutoka ardhini kwenda juu. Roboti haiwezi kupanda kilomita 30 angani kuchota vumbi, lakini ikilifuata jua likishuka, kila dakika mwanga unakata tabaka tofauti. Picha za Curiosity za Aprili 2015 zilipigwa kipindi kilichokuwa kati ya dhoruba na dhoruba, vumbi lingali limebaki hewani, na wakati kama huo ndio wenye mengi ya kusomwa.

Dhoruba ikija, masomo hukoma. Wataalamu hupima uzito wa vumbi kwa namba ambayo siku za kawaida haifiki 1, au huizidi kidogo. Kila namba hiyo inapopanda kwa 1, mwanga wa jua unaopenya moja kwa moja hubaki asilimia 37 tu ya ulivyokuwa. Juni 2018 dhoruba iliizunguka sayari nzima, na roboti Opportunity ikatuma kipimo cha 10.8. Fanya mwenyewe hesabu hiyo ya kupunguza karibu mara kumi na moja mfululizo: mwanga wa moja kwa moja ulibaki sehemu mbili tu kati ya laki moja. Jua lilikuwa limetoweka mchana kweupe. Katika hali hiyo hakuna duara la buluu, kwa sababu kila mwale unakuwa umegonga chembe nyingi mno na kusahau ulikotoka. Kuna giza la kahawia tu. Opportunity iliishi kwa umeme wa jua. Mawasiliano yake ya mwisho ni ya tarehe 10 Juni 2018, baada ya zaidi ya miaka 14 ya kazi katika sayari ile. Nikifundisha somo la vumbi la Mirihi huwa siwezi kuipita habari hiyo kwa haraka.

Kuhusu sayari nyingine sitakaa sana, maana hakuna tuliyo na picha ya machweo yake kutoka ardhini kama ya Mirihi. Mwezi wetu hauna hewa ya kuleta rangi: jua huzama jeupe katika anga jeusi. Zuhura imefunikwa na mawingu mazito ya asidi ya salfa, na chombo Venera 13 kilipotua mwaka 1982 kilikuta mchana wa rangi ya chungwa. Kisahani cha jua hakionekani kutoka chini, na kati ya macheo na macheo hupita siku 117 za Dunia, kwa hiyo jioni ya kule ni kufifia kwa mwanga kunakochukua siku nyingi. Kwa Uranus tuna hesabu: mwaka 2020 Geronimo Villanueva wa NASA alitoa maigizo ya kompyuta ya machweo ya sayari kadhaa, na ya Uranus ni buluu iliyoingiliwa na kijani, kwa kuwa methani iliyomo katika hewa yake hufyonza nyekundu. Buluu hiyo inafanana na ya Mirihi kwa jicho tu. Chanzo chake ni gesi, wala haina undugu na vumbi tulilokuwa tukilizungumza.

Limebaki swali lako la mwisho, ungeona nini ukisimama pale. Ungeiona buluu. Tena huenda ikakushika zaidi kuliko ilivyo pichani, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake, na jirani wa buluu hii ni anga zima la kahawia ulilolizoea tangu asubuhi. Usitarajie ukubwa wa jua letu, lakini. Mirihi iko mbali na jua mara moja na nusu kuliko sisi, hivyo kisahani chake ni theluthi mbili hivi ya kile unachokijua, na mwanga unaofika huko ni asilimia 43 hivi ya unaofika kwetu. Siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika 40 hivi, kwa hiyo jua hushuka kwa mwendo tunaoujua. Ila kwa udogo wake, ukiwa karibu na ikweta ya sayari hiyo, kuanzia ukingo wa chini kugusa upeo hadi ukingo wa juu kuzama ni dakika moja na nusu tu.

Usiondoke baada ya hapo, kwa sababu sehemu ninayoipenda zaidi ndiyo inaanza. Duniani, karibu na ikweta, giza huingia upesi. Mirihi ina vumbi lililopanda juu sana, na vumbi hilo huendelea kuliona jua muda mrefu baada ya wewe kulipoteza, likiurusha mwanga wake kuelekea upande wa usiku. Utusitusi unaweza kudumu hadi saa mbili. Buluu hukaa pale magharibi, ikipanuka na kufifia, na misimu mingine kuna mawingu membamba ya barafu yaliyo juu kiasi kwamba bado yanaangazwa na jua kutoka chini. Curiosity iliyapiga picha Machi 2021, na baadhi yana rangi zinazobadilika kama upande wa ndani wa kombe la chaza, waridi, kijani, zambarau. Rangi za namna hiyo hutokea pale chembe za wingu zinapolingana ukubwa. Ni habari ileile ya moshi wa mwaka 1950.

Mwanga unapokuwa umepungua vya kutosha, nyota hujitokeza, na kuna majira ambapo inayong'aa kuliko zote si nyota. Tarehe 31 Januari 2014, dakika 80 hivi baada ya machweo, Curiosity iliielekeza kamera yake magharibi, kwenye kile kipande cha anga ambako buluu ilikuwa imezimika, na kupata nukta moja ya mwanga juu ya upeo, yenye nukta nyingine hafifu kando yake. Ni Dunia na Mwezi wake.